Koti la Kulia Supu

Msiba wa nyumba ya Athok ulianza na chapati na, kama ilivyo misiba mingi ya kifamilia, hakuna aliyekufa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Kijana Lual alifika mtaa wa Kator, mjini Juba, kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake, akiwa na kreti ya soda, mfuko wa sukari na tabasamu la mtu asiyejua linalomngoja. Athok, mjane mwenye mwendo wa polepole na macho ya haraka, alimpikia kama inavyompasa mwenyeji. Akatenga chakula mezani, kisha akangoja kijana afanye anachofanya mkwe yeyote wa Kidinka mwenye akili timamu, yaani ashukuru, aseme ameshiba, na sahani yake ipelekwe kwa jirani akalie huko. Kwa Wadinka, mwanamume anayeposa hali chakula mbele ya mama wa mchumba wake, wala mama hali mbele yake. Hawatazamani midomo. Heshima hiyo ni kongwe kuliko mji wenyewe wa Juba.

Lual alinawa, akakaa, akala. Alikula huku akimtazama Athok usoni na kumsimulia habari za kazi yake ya kupakua mizigo uwanja wa ndege. Alipomaliza chapati ya pili alilamba kidole na kusema, "Mum, hizi chapo ni tamu ajabu. Kuna ingine?"

Athok akampa. Angefanya nini? Upande wa pili wa ua wa matete, jirani yake Millicent alikuwa akianika nguo. Millicent alikuwa amekaa karibu na Wadinka miaka mingi kiasi cha kuyajua makosa yao yote. Alishika shuka moja mkononi, akasahau kuianika. Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulijua kwamba mkwe wa Athok ameomba nyongeza.

Wala si kwamba Lual alikuwa mtu mbaya. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kulelewa katika shule za bweni za Nakuru, ambako anayeona haya mbele ya chakula hulala njaa na kuamka na haya zake. Huko alifundishwa kwamba mpishi husifiwa kwa kuombwa nyongeza. Basi alimsifu mpishi.

Na hakuna aliyemwambia. Kumweleza mgeni kwamba kinywa chake kimekukosea ni aibu kuliko kosa lenyewe. Athok aliacha tu kupokea simu zake, na Nyariek alipomuuliza mama yake kijana wa watu amekosa nini, mama alichukua ufagio akafagia ua ambao ulikuwa umefagiliwa asubuhi.

*

Nyariek, binti pekee wa Athok, aliuza dawa katika duka moja mtaa wa Hai Jalaba. Naye alikuwa amesomea Kenya, Eldoret, katika bweni la wasichana mia nne waliokula pamoja wakitazamana midomo mchana na jioni. Kwa hiyo wapenzi hao wawili walipokutana nyuma ya duka kulichunguza jambo hilo, walikuwa na elimu ya kutosha na hawakuwa na fununu hata moja.

Walianza na maneno aliyoyasema. Wakapita kwenye zawadi, wakaona sukari haikuwa na kosa. Mwisho Nyariek alimtazama mchumba wake kuanzia utosini hadi miguuni.

"Siku ile ulivaa nini?"

"Jezi," alisema Lual. "Ile mpya lakini."

"Na miguuni?"

Lual akafikiri. "Ndara."

Nyariek akafunga macho kama mtu aliyeona jibu la hesabu. Mama yake, alisema, ni mwanamke anayepiga pasi hata mataulo, na mtu amemwendea kuposa kwa ndara na jezi ya mpira. Lual alishika kichwa. Kila kitu sasa kilikuwa wazi. Kosa ni nguo, na dawa yake ni nguo.

Dawa yenyewe ilikuwa imetia nanga mtoni. Meli ya starehe iitwayo Binti Jebel ilikuwa imeanza kuwapandisha watu wenye nafasi kutoka Juba kwenda kutazama visiwa vya Nile na kurudi. Kampuni ya kina Lual ndiyo iliyopakua vyombo vyake kutoka kwenye ndege, na kwa kuwa hakuna sahani iliyovunjika, mwenye meli alimzawadia kijana huyu mwangalifu meza ya watu wanne katika Chumba cha Chakula Rasmi. Kilikuwa chumba cha fahari. Mlangoni pake palisimama ubao uliotangaza kwamba waungwana wataingia kwa koti, suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, na mabibi kwa mavazi ya staha, na kwamba uongozi hautasikiliza sababu.

Lual aliona ni mahali pa kuombea msamaha. Angemvalia mama mkwe koti. Angemketisha mbele yake na kumwonyesha kwamba anajua kula kama muungwana.

Soma tena sentensi hiyo. Kijana aliyekosa kwa kula mbele ya mama mkwe alikuwa anapanga kutubu kwa kumwalika aje kumtazama akila, safari hii kwa uma na kisu.

Koti lilikuwa kazi. Lual alikuwa mrefu hata kwa Wadinka, na makoti ya Juba hayakukatwa yakimfikiria. Walizunguka hadi kwa Nakato, mama wa Kiganda mwenye kibanda cha mitumba pale pale Hai Jalaba, ambaye alimpima kwa macho, akacheka, akazama ndani ya bunda hadi kiunoni. Alitoka na koti jeusi refu kama pazia la kanisa.

"Hii koti ilikuwa ya mzungu mrefu sana," alisema. "Iko hapa toka mwaka juzi. Watu wanavaa, wanapotea ndani. Ilikuwa inangoja wewe, mwanangu. Mwingine wa kuenea hii hakuna Juba nzima."

Katika hilo Nakato alikosea, kwa mtu mmoja.

*

Mtu huyo alitua uwanja wa ndege wa Juba siku mbili baadaye kutoka Rumbek, akiwa na fimbo, na lawa lake la zambarau, ile shuka wanayofunga wanaume begani siku za mambo makubwa. Aliitwa Majur. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Athok, na katika nyumba ile neno lake lilikuwa la mwisho, hasa kwa kuwa alipenda kuzungumza wa mwisho. Mlango wowote alioupita aliinama kwanza.

Athok alimwita ili aamue. Alimsimulia habari ya chapati kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

"Ngapi?" aliuliza Majur.

"Tatu, shemeji. Ya tatu aliiomba."

Majur alikaa kimya kwa heshima ya chapati ya tatu.

Na hapo ndipo Nyariek alipoingia na mwaliko, uso umemchangamka, akaeleza habari za meli, meza ya watu wanne, na chakula cha jioni pamoja na Lual. Wazee wawili walitazamana. Binti alipotoka kwenda kupiga pasi gauni, Majur aliegemeza fimbo ukutani.

"Alikula mbele yako nyumbani mwako," alisema. "Kumbe hakutosheka. Sasa ametafuta na meli."

"Ni mtoto wa Kenya, shemeji. Hajui."

"Basi tutakwenda tukaone anachokijua. Akiinua kijiko mbele yako mara ya pili, mama Nyariek, mimi kesho yake narudi Rumbek na jibu ni hapana. Asipoinua, ni mkwe wetu na sitauliza jambo jingine. Na usimwonye. Nataka kumwona yeye, sitaki kukuona wewe ndani yake."

Athok alikubali, kisha hakulala vizuri. Mwenyewe hakuwa na hakika anaiamini mila ile kwa kiasi gani. Huko Kakuma alisimama foleni na wakwe, mashemeji na maadui, kila mtu na bakuli lake, na hakuna aliyegeuka kumfichia mwenzake mdomo. Njaa ilikuwa imewaona wote wakitafuna. Lakini aliporudi nyumbani na kupata chumba chenye mlango, na binti mwenye kazi, alianza kungoja siku ambayo kijana fulani angemwogopa kidogo. Si sana. Kiasi cha kumpisha njia, kiasi cha kukataa chakula chake kwa adabu ili yeye asisitize kwa Nyariek kwamba kipelekwe nje. Alikuwa amevumilia mengi ili afike umri huo. Na kijana alipokuja, akaomba nyongeza.

Hata hivyo binti yake alimpenda, na Athok aliwahi kuona nyuso za mabinti walioambiwa hapana. Ijumaa alikwenda katika kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, akawasha mshumaa na kumwombea Lual augue tumbo siku ya Jumamosi. Si ugonjwa mkubwa, alimfafanulia Mungu. Wa kumzuia asile tu.

*

Jumamosi Lual aliamka na afya njema kuliko siku zote.

Chakula rasmi cha usiku katika Binti Jebel huliwa saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linaunguza, kwa sababu mto hauna taa na barabara za kurudia nyumbani zina vizuizi. Watu hupanda wakiwa wamevaa makoti ya usiku na jasho la mchana. Lual alikuwa amesimama juu ya ngazi ya meli katika koti lake jeusi, viatu vinang'aa, anatiririka jasho kwa furaha. Athok alikuja katika tobe lake la bluu, shuka refu la kujitanda mwili mzima, Nyariek katika gauni. Nyuma yao alikuja Majur kwa shati jeupe, suruali, lawa la zambarau begani na akala za tairi miguuni. Lual alimsalimia kwa mikono miwili. Majur aliitikia akimtazama mdomo.

Meli iling'oa nanga, na mlangoni pa Chumba cha Chakula Rasmi wakamkuta Edrine.

Edrine alikuwa Mganda mfupi, nadhifu, mwenye fundo la tai lisilolegea hata kwa joto la Machi. Kabla ya kuja Juba alikuwa mhudumu katika meli kubwa za watalii, zile za baharini zenye ghorofa kuliko hoteli yoyote ya mji huu. Ubao wa mlangoni ulikuwa kazi yake. Sheria zake alizibeba kichwani kutoka huko, ambako aliona matajiri wakirudishwa vyumbani kwa kukosa kipande cha kitambaa shingoni, na wakirudi wamekivaa, na wakishukuru. Alikuwa amekipenda sana chumba kile cha baharini chenye mataa ya vioo. Miaka yote aliyokaa huko hakuwahi kukikalia kiti chake hata kimoja.

Alimpitisha Lual kwa kutikisa kichwa. Kwa Nyariek aliinama. Mbele ya tobe la Athok alisita, akapekua sheria kichwani, hakuona ya kulikataza, akampitisha. Kwa Majur alisimama.

"Mzee, maalesh," alisema, akiomba radhi. "Karibu sana. Lakini humu ndani lazima koti."

Majur, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori ya Uganda, alielewa vizuri. Alijibu kwamba amevaa nguo kuliko mtu yeyote humo ndani. Alivaa shati, na juu ya shati alivaa lawa, na lawa hili amelivaa mbele ya magavana.

"Mimi naelewa, ssebo. Hii nguo iko mzuri kabisa. Lakini sheria haisemi nguo mzuri. Inasema koti." Edrine alitupa jicho kwenye meza ya kona alikokaa mwenye meli, ambaye wiki ile alikuwa amemwonya kwa kumruhusu mtu wa mikono mifupi. Akashusha sauti. "Viatu mimi sijaona. Viatu inafichwa na kitambaa ya meza. Hata koti tuko nayo, ya kuazima. Dakika moja tu, mzee."

Kando ya mlango palikuwa na makoti sita ya bluu ya kuwakopesha waliosahau. Yalishonwa Kampala. Fundi alipoomba mtu wa kupimia, Edrine alijipeleka mwenyewe, na kwa hiyo yote sita yalimwenea Edrine.

Wakati huo akina Lual walikuwa wameshafika mezani, wakidhani mzee anafuata nyuma. Lual aliketi mahali alipoonyeshwa, ana kwa ana na Athok, mgongo wake ukielekea dirisha la sitaha ya nyuma. Supu ya malenge ilitua mbele yao kabla hajamaliza kusifu kitambaa cha meza. Athok aliweka mikono mapajani. Alitazama kijiko cha Lual kama mtu anayetazama nyoka aliyelala. Lual, ambaye alikuwa amejifunza kwenye simu kwamba supu huchotwa kwa kusukuma kijiko mbele, alitaka sana mama mkwe alione hilo. Akakichukua. Akakiinua.

Mlangoni, Majur alikuwa amenyoosha mikono nyuma huku Edrine akimpandisha koti kwa kuruka kidogo. Mikono ya koti iliishia chini kidogo ya viwiko vyake. Kiuno chake kilifika kwenye mbavu. Mabega yalimfunga hata asiweze kushusha mikono, akabaki ameitanua kama mtu anayepekuliwa uwanja wa ndege. Meza ya kwanza ilimwona ikanyamaza. Meza ya pili ilijitahidi isicheke. Kwenye meza ya tatu mwanamume mmoja aliyevaa miwani ya dhahabu aliinua simu na kumpiga picha.

Majur hakumtazama mpiga picha. Juu ya vichwa vya watu wote, alikuwa anakitazama kijiko cha Lual, angani, mbele ya mke wa mdogo wake.

Akalivua koti. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akamrudishia Edrine mikononi kana kwamba ni mtoto wa mtu. "Khalas," alisema. "Wao wale." Akatoka kwenye sitaha.

Athok aligeuka, akaona mgongo ule ukiinama chini ya mlango, akajua kesho kuna ndege ya Rumbek.

Lual naye aliona. Aliona koti fupi, aliona simu, akaona mgongo. Supu ilikuwa bado haijafika mdomoni. Alikirudisha kijiko sahanini, akasema samahani kwa wanawake wawili, akatoka mbio na miguu yake mirefu akigonga viti.

*

Majur alikuwa amesimama kwenye reli ya sitaha, anatazama maji ya rangi ya chai. Hakugeuka.

Lual hakuwa na hotuba. Alivua koti la mzungu mrefu, akalikung'uta, akalishika wazi nyuma ya mzee kama anavyoshikiwa askofu. Edrine alikuja nyuma yake akihema.

"Ssebo, ukitoa hiyo wewe hauwezi kurudi ndani," alimwambia Lual. "Na yangu haitakuenea, umeona."

"Najua. Sawa tu."

Majur aligeuka polepole. "Na chakula chako?"

"Mzee, mimi siwezi kukaa pale nile na wewe uko nje," alisema Lual. "Hiyo haiwezekani. Ingieni mle nyinyi. Mimi niko sawa hapa."

Majur alilitazama koti, kisha kijana. Ndani ya kichwa chake, vitu vilivyokuwa vimesimama wima vilianza kuhama mahali. Alikuwa ameona kijiko kikiinuka, hilo ni kweli, lakini hakukiona kikifika. Na sasa, mbele yake, kijana alikuwa amejivua kwa hiari nguo ile moja inayomruhusu kula mezani pa mama mkwe, na anamwomba yeye akaketi mahali pake. Wazee wa Rumbek wangehitaji siku nzima na ng'ombe mmoja kupata njia nzuri kama hiyo ya kumtoa mkwe chumbani bila kumwaibisha mtu.

Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Koti lilimkaa kana kwamba ndiye aliyepimwa. Lawa lilichungulia kwa chini, la zambarau, likipepea. Edrine alilitazama, akakumbuka kwamba sheria haisemi lolote kuhusu kilicho chini ya koti, akamfungulia mlango.

Chumba kizima kilimtazama Majur akipita, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna mtu humo ndani aliyevalia koti vile. Alikaa kwenye kiti cha Lual. Akachukua kijiko cha Lual, akala supu ya Lual, akaomba mkate.

"Kumbe anajua," alimwambia Athok kwa Kidinka, kwa sauti ya mtu aliyepoteza dau na kufurahi. "Alikuwa ananisubiri nifike. Amejinyima koti ili asikuone ukila. Unakumbuka mtu mwingine aliyefanya hivyo? Hata baba yake Nyariek alijificha tu kichakani."

Athok alifungua mdomo kusema kitu. Nyuma ya bega la Majur, dirishani, alikuwa anamwona mkwe wake. Lual alikuwa amekaa juu ya kreti karibu na mlango wa jiko, mikono ya shati imekunjwa, pamoja na wapishi wawili. Katikati yao palikuwa na sinia ya posho, yaani ugali, na maharagwe. Alikuwa anakula kwa mkono, kwa furaha, shavu limevimba, anacheka kitu alichoambiwa, na alikuwa ameelekeza uso wake wote dirishani.

Kijana hakujua chochote. Alimpa mzee koti kwa sababu mzee alidhalilishwa, basi. Athok aliliona hilo waziwazi kama alivyoiona ile sinia. Aliona pia kwamba hilo nalo si jambo dogo, na kwamba pengine ndilo lilelile, ila halijafundishwa jina lake.

"Yuko wapi sasa?" alisema Majur, akaanza kugeuka.

"Shemeji, supu inapoa," alisema Athok haraka, akainua mkono.

Edrine alifika. Athok alimnong'oneza kwa Kiswahili cha Kakuma kwamba jua linamchoma machoni, afunge pazia. Edrine alijibu kwamba katika meli hii mapazia hayafungwi, wageni wanalipia kuona mto, ni sheria. Kisha akafuata macho yake hadi dirishani. Alimwona kijana na shavu lake. Akamwona mama, mikono imebana kitambaa, supu haijaguswa. Akamwona na mzee anayegeuka. Edrine alikuwa na mke Masaka, na mama wa mke huyo hajawahi kumtazama usoni tangu siku ya harusi.

"Kwetu pia iko hivyo, nyabo," alisema polepole. Akalivuta pazia mpaka mwisho. Mwenye meli aliinua kichwa kwenye kona yake. Edrine alisimama mbele ya pazia, mikono nyuma, fundo la tai limenyooka, kama mtu anayelinda benki.

Athok alichukua kijiko. Supu ilikuwa imepoa, na aliimaliza yote.

*

Walipokuwa wanashuka ngazi, jua likiwa limelalia mto, Majur alimngoja Lual chini, fimbo mkononi.

"Umekula?"

Athok alisimama ghafla hata Nyariek akamkanyaga tobe.

"Nimekula, Mzee," alisema Lual. "Huku nyuma, na wapishi."

"Nyuma," alirudia Majur. Alilitikisia neno hilo kichwa mara kadhaa. "Vizuri. Nyuma."

Jumatatu alirudi Rumbek na jibu lilikuwa ndiyo. Alirudi pia na koti. Hakuliomba, wala hakuna aliyethubutu kumkumbusha, na inasemekana analivaa kwenye mabaraza huko, juu ya lawa, na kuwaambia watu kwamba ni zawadi ya mkwe mwenye adabu za zamani.

Jumapili iliyofuata Lual alifika tena Kator, kwa shati la kupigwa pasi na viatu vya kufunika vidole. Hakuelewa kwa nini Nyariek alimpokea getini, akampeleka moja kwa moja barazani kwa Millicent, upande wa pili wa ua, na kumwekea sahani huko. Akauliza kama mama bado amekasirika. Nyariek, ambaye alikuwa ameelezwa yote asubuhi ile huku wote wawili wakikanda unga, aliketi karibu yake akamsimulia toka mwanzo. Alimsimulia chapati. Alimsimulia kijiko. Alimsimulia pazia.

Athok alikuwa jikoni kwake, anasikiliza kupitia matete. Alisikia binti yake akimaliza. Kisha hakusikia kitu kabisa, hata mtu kutafuna. Millicent aliacha kuanika.

Kimya kile kiliendelea hadi Athok akaanza kumhurumia kijana. Akawaza labda ameondoka kwa aibu. Akawaza labda alimwombea kupita kiasi. Ndipo Nyariek akaingia na sahani mikononi, midomo imebanwa ili isicheke.

"Anasema anaomba radhi, Mama. Kwa ile siku, na kwa kwenye meli, na kwa zote."

"Na sahani?"

Nyariek akaitazama. Ilikuwa tupu.

"Anauliza," alisema, "kama kuna ingine."

Athok alifungua sufuria. Alizigeuzageuza chapati kana kwamba anatafuta yenye kosa, akachagua iliyokuwa laini.

"Mpelekee mbili," alisema. "Huko huko."